Mstari wa Sita: Miti ya Ubani Tuliyoinyima Maji

Oyaa! Nyie wenye viatu visivyo na tope! Sogeeni hapa kwenye pipa, wajukuu zangu, na hizo simu wekeni mfukoni, hazitoi utomvu hizo. Nimeambiwa nyie ndio mmeajiriwa kumwagilia miti, na kwamba wote mmesoma. Hongereni. Mimi shule niliipita kwa nje nikienda kisimani, nikawasikia wanaimba a, e, i, o, u, nikasema aa, hizi mbona nazijua, nikaendelea na ndoo yangu. Lakini kwa maji niliyobeba hapa miaka ishirini na tisa, ukiyamwaga yote siku moja Ruvuma inafurika mpaka mamba wanaomba hifadhi juu ya mikorosho. Mnacheka? Muulizeni shingo yangu. Nilikuja hapa nina shingo ndefu kama twiga.

Jina langu Somoe. Wengine mtasikia naitwa Bibi Keni, kwa sababu ya hii keni ya kumwagilia. Niliwahi kulala nayo kitandani, marehemu mume wangu akaniuliza, "Wewe mwanamke, huyu nani katikati yetu?"

Basi, kazi. Hii miti mnayoiona, hii yenye magome yanayobanduka kama ngozi ya mtu aliyetoka kuungua jua, ndiyo miti ya ubani. Ubani huuhuu mnaofukiza kwenye maulidi, unaotoka kama machozi ukiuchanja mti. Si wa kwetu. Uliletwa kutoka bara, kule kukavu, kuona kama utakubali mchanga wa huku kwetu Mtwara, watu wapate kitu kingine shambani siku korosho zikinuna. Siku miche inashuka kwenye gari, mlinzi wetu Mzee Issa alisimama pale getini na kofia yake ya kiua na tasbihi mkononi, akagoma. Akasema, "Ubani unaita majini. Mmeleta miche mia mbili, maana yake majini mia mbili. Mimi nimeajiriwa kulinda wezi."

Nikamwambia, "Mtani, jini gani atamtaka Myao? Atakuona atarudi kwao bara kwa miguu."

Akasema, "Nyie Wamakonde mnajuana nao, ndiyo maana huogopi." Lakini akafungua geti.

Sasa kosa langu la kwanza, nawapa bure, msilirudie. Nyapara wetu alikuwa Mzee Mfaume, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye kidole kirefu. Hicho kidole ndicho kilikuwa chuo chake. Kila asubuhi anakichomeka kwenye mchanga chini ya mti mpaka kiungo cha pili, anakitoa, anakitazama. Mchanga ukiganda kwenye kidole, humwagilii. Kidole kikitoka kisafi, unamwagilia, tena kopo moja, unazunguka mbali na shina. Basi. Wataalamu wamekuja na vidude vya kuchomeka ardhini vyenye namba zinazowaka, vidude vimekufa betri, kidole cha Mfaume kimefanya kazi mpaka wiki aliyofariki.

Mimi wakati ule niliona hicho kidole ni uchoyo. Mti mchanga, jua la Mtwara hili linalokaanga mtu kwa mafuta yake mwenyewe, halafu kopo moja? Mfaume akienda mjini Chikongola kununua misumari, mimi huku nyuma naongeza. Kopo la pili. La tatu. Na mbolea ya yurea, ile nyeupe kama chumvi, naitia kama napika mchuzi wa harusi. Jamani, ile miti iliota! Majani yakawa makubwa, jani moja nikajifunika mvua, la pili nikamfunika mbuzi. Nikaanza kutamba, "Njooni muone mkono wa Somoe!"

Mfaume akarudi. Akashika mti mmoja kwa vidole viwili, akauvuta taratibu, ukaja wote mzima kama jino bovu. Mizizi imeoza, inanuka kama kapu la dagaa lililosahauliwa. Akaenda kwa mwingine ambao ulikuwa bado mzima, akauchanja kidogo. Kwa kawaida hapo panatoka utomvu mzito, mweupe, unaganda. Ule ukatoa maji. Maji tu, kama umechanja tango.

Akaniambia, "Somoe, umefuga mchicha."

Sikulala kwa aibu siku tatu. Haya, moja. Haya basi, nililala, lakini kwa upande mmoja.

Hivyo kumbukeni. Huu mti kwao umezoea shida. Ukiushibisha maji, unasahau kutoa ubani, maana ubani ni dawa yake ya kujitibia ngozi, na mtu aliyeshiba kila siku hana habari ya dawa. Mbolea ya chumvichumvi inaupa majani, haiupi machozi. Samadi ya mbuzi inatosha, tena iliyooza, iliyokaa mpaka haina harufu, kiganja kimoja, na isiguse shina. Ikigusa shina inaunguza, na mchwa nao wanapewa kadi ya mwaliko.

Lakini na wewe usije ukauacha kabisa bila maji ukasema Bibi Keni kasema umezoea shida. Hapo ndipo penye mkasa wenyewe.

Alikuja mtaalamu, binti wa bara huko, jina lake Neema, mwembamba, mchapakazi, anakimbia shambani kama anadaiwa pumzi. Sisi tulimpenda, ila tulimwonea huruma kwa kuwa alikuwa hali pweza. Yeye ndiye alipanga majaribio. Mistari sita, kila mstari miti tisa, kila mti kibati chake cha namba. Mstari wa kwanza maji kila siku na mbolea nyingi. Wa pili maji kila siku bila mbolea. Wa tatu maji mara moja kwa wiki na samadi kidogo. Wa nne, wa tano, sitawachosha. Wa sita, hakuna kitu. Si maji, si mbolea. Mvua ikinyesha bahati yake.

Akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Bibi Somoe, nakuomba. Mstari wa sita, hata tone."

Nikamwambia, "Hata tone, mwanangu. Hata nikilia nitalilia mstari wa tano."

Na nilishika neno. Nilizunguka na keni yangu mstari wa kwanza mpaka wa tano, nikifika wa sita naiinua keni juu ya kichwa kama mtu anavuka mto na sufuria. Mbuzi akija kukojoa pale, nilimkimbiza mpaka barabara ya Kitaya. Mbuzi mmoja alikimbia na hajarudi mpaka leo, nasikia ana wajukuu Msumbiji.

Neema alikuwa anapita mistari yote kila mwisho wa mwezi na kikoleo chake cha kupimia, anakamata shina, anasoma unene, anaandika. Anachanja kidogo, anakusanya machozi ya ubani kwenye vichupa, anapima. Mwaka ulipokwisha, alitoka mstari wa sita mbio. Miti ile isiyopewa kitu ilikuwa na mashina manene kuliko ya wa pili, na ubani wake ulishinda mistari yote. Yote! Mmoja, namba moja, ulikuwa na unene wa paja la mpagazi wa bandarini. Haya, mkono wa mpagazi. Lakini mpagazi mwenye afya.

"Bibi Somoe," akasema, "hujawahi kukosea? Hata siku moja?"

Nikaapa. Mfaume akaapa. Mzee Issa akaapa kwa tasbihi, akasema yeye kama mlinzi hajaona hata mbu akitema mate pale.

Basi Neema akaandika. Mti usiohitaji maji wala mbolea! Na hapo mambo yakawa makubwa, maana shamba hili wakubwa walikuwa wanataka kulifunga, wanasema linakula tu, halizai habari. Sasa habari imezaliwa. Tukaambiwa wageni watakuja Jumatano, wenyewe wakubwa, waone kwa macho. Wakiridhika, shamba linabaki, na miche inagawiwa vijiji vyote mpaka Kitaya mtoni, na maelekezo yanaandikwa kwenye karatasi: msimwagilie. Wasiporidhika, kufuli getini na sisi tisa nyumbani.

Jumatatu ile, adhuhuri. Neema ameenda mjini kula, kama kawaida yake, na akirudi huwa ofisini na vidaftari vyake mpaka jioni. Sisi tumeacha kazi tuswali. Mahali petu pa kuswalia palikuwa pale chini ya mikorosho, mwisho wa shamba, na mstari wa sita ndio ulikuwa jirani. Kila mtu na kopo lake. Nimechuchumaa kwenye mti wangu namba mbili, umefunikwa na tawi la mkorosho, pazuri kwa mwanamke kujisitiri. Nimeosha uso, nimeosha mikono, nimepaka kichwa, nimeosha mguu wa kulia. Nainua wa kushoto, namwaga, nayatazama maji yanavyotelemka kisigino, yanaingia kwenye kishimo cha shinani, kishimo kinayapokea, glu glu glu, kama mtoto anayemjua mama yake.

Mguu ukabaki hewani.

Nikageuza shingo. Huku Mfaume yuko namba moja, anaosha masikio, maji yanadondoka shinani. Kule wenzetu, kila mmoja na mti wake, kila mmoja na kishimo chake. Adhuhuri na alasiri, mwaka mzima!

Mtaniuliza, nyie watu mlikuwa hamwoni? Hatukuwa tunaona. Kumwagilia ni kazi, kutawadha ni ibada, nani anachanganya? Mfaume mwenyewe ndiye alitufundisha kwamba maji ya udhu usiyamwage njiani yakanyagwe, yamwage penye mti. Na kwa nini mstari wa sita? Kwa sababu ile mingine ilikuwa tope! Unaosha miguu uende mbele ya Mola, halafu ukanyage tope? Mchanga msafi ulikuwa pale tu. Sisi wenyewe kwa keni tulikuwa tunaunyima, kwa kopo tunaunywesha.

Nilikwenda kwa Mfaume na udhu nusu. Nikamwambia. Akatazama mti wake, akatazama kopo lake, akachomeka kidole kwenye mchanga wa mstari mkavu. Kikatoka kimeganda mchanga.

"Nyamaza," akasema.

"Kaka Mfaume, Jumatano wanakuja."

"Ndiyo maana nakwambia nyamaza. Wakijua, shamba limekwisha. Una umri gani wewe? Nani atakuajiri tena, na hiyo shingo?"

"Na Kitaya je? Dada yangu yuko Kitaya. Atapewa miche, ataambiwa asimwagilie, naye anavyopenda karatasi ya serikali, hatamwagilia. Itakufa yote, na atakuja kuning'oa mimi."

"Kitaya wanaswali," akasema Mfaume.

"Wanaswalia msikitini! Nani atatawadhia shambani kwa dada yangu?"

Tukaswali. Wallahi sikumbuki nilisoma nini, nadhani nilisoma majina ya mistari.

Alasiri ile, mkitaka kucheka chekeni, hakuna aliyejua atawadhe wapi. Habari ilishaenea. Watu wanane wamesimama na makopo kama wamekuja kuomba uji; Mzee Issa, anayeishi palepale getini, alibaki kwenye zamu yake. Mwisho tukaenda kutawadhia mstari wa kwanza, tukaswali na miguu ya tope.

Jumanne asubuhi nikamfuata Neema. Nilikuwa nimejipanga kusema taratibu, kwa mafumbo. Nikafungua mdomo nikasema, "Mwanangu, mstari wako wa sita umekunywa udhu mwaka mzima."

Hakuelewa. Kwao si Waislamu, ikabidi nimwonyeshe. Nikachuchumaa, nikatawadha mbele yake, kiungo kwa kiungo, namwonyesha na njia ya maji. Alipoona yanavyoingia kishimoni, akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake safi.

"Watu wangapi?"

"Tisa."

"Kila siku?"

"Mara mbili. Ijumaa mchana tunakwenda msikitini."

Akajifunika uso. Nikadhani analia, nikataka kumfuta kwa kanga, kumbe sijui alikuwa analia au anacheka, na yeye mwenyewe nadhani alikuwa hajui. Akasema, "Bibi Somoe, mmeniua." Kisha akasema, "Kopo lile linaingia maji kiasi gani?" Akalichukua kopo langu akaondoka nalo. Siku nzima alikuwa kwenye kompyuta yake na vidaftari. Jioni akatuambia, "Kesho nitasema ukweli. Kama wakilifunga, walifunge kwa ukweli."

Mfaume akasema, "Wewe ni kijana, ukweli bado una meno ya kuutafuna." Lakini hakumzuia.

Jumatano wakaja, gari tatu. Mkubwa wao mtu mrefu, kipara kinang'aa mpaka kunguru walikuwa wanajitazamia. Hakusalimia kwa mkono, alisalimia kwa miwani. Neema akamtembeza mistari yote, akamfikisha wa sita, akasema yote, udhu, makopo, vishimo, mchanga msafi. Sisi wanane, Mzee Issa akiwa getini, tumepanga mstari kama tunangoja kuchanjwa utomvu.

Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Binti," akasema, "mwezi uliopita umeniandikia kwamba mti huu hauhitaji maji. Leo unaniambia ulipewa maji kwa siri na watu waliokuwa wakiswali. Nikuamini lini?"

"Leo, Mheshimiwa."

"Mimi nadhani mlizembea, mkamwagilia ovyo, mkaona aibu, mkatafuta dini ya kujifichia."

Neema akafungua kompyuta juu ya pipa, pipa hilihili. Akasema, "Nilipima kila mti peke yake, Mheshimiwa. Kama kila mti ulikuwa na mtu wake, basi kila mti utakuwa na tabia ya mtu wake. Tazama michoro hii ya unene. Namba moja, Mzee Mfaume, hakosi swala. Unapanda miezi yote. Namba mbili, Bibi Somoe. Unapanda, hapa umesimama wiki mbili."

"Nilikuwa Kitaya kwa dada, anaumwa!" nikapiga kelele. "Ulizeni!"

"Namba tano umesimama hapa, mwenyewe alivunjika mguu. Namba saba, mwenyewe alihamia hapa mwezi wa tatu, na umeanza kunenepa mwezi wa tatu."

Mkubwa akainama. Akarudisha miwani. Akawa anafuata ile michoro kwa kidole, mmoja mmoja, na uso wake ukawa unalegea kama ugali unaopoa. Nikamkanyaga Mfaume mguu kwa furaha. Akafika mwisho, akasimama. Uso ukakaza upya.

"Na huu?" akasema. "Namba tisa. Miezi mitano umedumaa, kama mti usiopata hata tone. Mwezi mmoja umeruka, kwa mwezi huo umeongezeka kuliko yote, hata huo wa Mzee Mfaume. Halafu umedumaa tena mpaka mwisho wa mwaka. Hapa hakuna ugonjwa, hakuna safari, hakuna mvua. Udhu gani huo wa mwezi mmoja? Nielezeni huu, niamini na mingine yote. Mkishindwa, nafunga leo."

Neema akatazama michoro. Akatutazama sisi. Sisi tukatazama mchanga. Mkubwa akaanza kukunja karatasi zake, polepole, na mimi nikaanza kuiaga keni yangu kimoyomoyo.

Mara Mzee Issa akaacha geti lake, akaja mbio, kofia mkononi, tasbihi inamdondoka:

"Huo wangu, Mheshimiwa! Mwezi ule ulikuwa Ramadhani!"